Marehemu msimlaumu kwa mafuta

Juzi kwenye arobaini ya shangazi yangu, mama mmoja mtu mzima alisema mbele ya watoto wa marehemu, "angeacha mafuta mapema ile kansa isingefika kwenye ini." Watu wakaafiki. Nilinyamaza maana ni mkubwa kwangu, ila limenikaa moyoni mpaka leo.

Shangazi aliumwa kansa ya titi na tangu aambiwe hakugusa mafuta tena. Mchicha ulichemshwa na nyanya na chumvi basi, na ukimpikia wewe anakuja jikoni kajifunga khanga yake, anafunua sufuria, anachota mchuzi kwa kijiko anausogeza kwenye mwanga wa dirisha aone kama kuna viduara vya mafuta juu, vikiwepo hali. Huyo ndo anaambiwa alijimaliza kwa mdomo wake!

Jamani, mafuta ya kwenye damu hayatoki kwenye sufuria tu. Kolesteroli nyingi mwili unajitengenezea na ini ndo msimamizi mkuu. Kuna kimeng'enya, yaani protini inayofanya kazi mwilini, kinaitwa PCSK9, kinatengenezwa zaidi kwenye ini kisha kinaingia kwenye damu, kinang'ang'ania vipokezi, yaani vile vidude vya juu ya seli vinavyonasa kolesteroli mbaya kutoka kwenye damu, vipokezi vinavutwa ndani ya seli na kuvunjwavunjwa, kwa hiyo kimeng'enya kikizidi kolesteroli inabaki inazunguka. Kilitambuliwa 2003 kwa familia za Ufaransa zenye kolesteroli ya juu ya kurithi.

Sasa Desemba 2024 timu ya Sohail Tavazoie wa chuo cha Rockefeller, New York, ilichapisha kwenye jarida la Cell kwamba aina moja ya jeni ya hicho kimeng'enya, ambayo mtu anazaliwa nayo, inasukuma kansa ya titi kusambaa. Kwa wagonjwa wa Sweden, waliorithi aina hiyo kwa baba na mama walikuwa na hatari ya 22% kansa kuhamia mbali ndani ya miaka 15, wengine 2% tu. Ishirini na mbili kwa mbili! Hiyo jeni hakuna aliyeenda kuinunua sokoni. Na 2025 watafiti wa San Francisco wakaonyesha, kwa kansa ya kongosho, kwamba seli zenye PCSK9 kidogo zinapenda kwenda kukaa kwenye ini na zenye nyingi zinaenda kwenye mapafu.

Dawa za kukizuia zipo, Marekani ziliruhusiwa 2015 kwa ajili ya kolesteroli, na kwa panya zilipunguza kusambaa kwa kansa ya titi. Panya sio binadamu, msikimbilie duka la dawa.

Sawa, unene na ini lenye mafuta vinachangia kansa, hilo sibishi. Na shangazi hakuwahi kupimwa jeni, siwezi kusema ndo sababu yake. Ila hata yule mama hajui, na yeye kalisema mbele ya watoto. Tena hizo takwimu ni za Sweden, wanawake wetu nao wanatakiwa kupimwa na kuhesabiwa.

Usiku ule binti mdogo wa shangazi alinifuata nje akaniuliza taratibu, "dada, kwani mama alikuwa anakula mafuta kwa kujificha?" Nikamwambia hapana, mama yako hakukosea kitu. Akauliza mara ya pili. Kwa hiyo nitamfuata yule mama nyumbani kwake, shikamoo yake nitampa, halafu nitamwomba aje amwambie huyu mtoto mwenyewe.