Hatua elfu kumi: saa ya mkononi inabebeshwa lawama isiyo yake

Mtu mzima akinunua saa ya kuhesabu hatua, hakosi wa kumcheka. Wazee wetu, huambiwa, walikwenda shambani na kurudi bila kuhesabiwa na yeyote, sasa wewe wahesabiwa nini? Mzaha huo una ukweli ndani yake, na wanaojitetea kwa kunyoosha mkono na kuonyesha kwamba wametimiza hatua elfu kumi wanajiponza wenyewe, kwa kuwa namba wanayojivunia ilibuniwa na wauzaji, na madaktari waliikuta tayari imeshazoeleka.

Mwaka 1965, mwaka mmoja baada ya Michezo ya Olimpiki ya Tokyo, kampuni ya Kijapani ya Yamasa iliingiza sokoni kifaa cha kuvaa kiunoni kilichoitwa manpo-kei, yaani kipima hatua elfu kumi. Jina hilo la biashara liligeuka taratibu kuwa lengo la afya la dunia nzima. Hapo ndipo, kwa maoni yangu, mjadala ulipopotea njia: anayefikisha 4,500 jioni huivua saa akijiona ameshindwa, na anayemcheka hupata ushahidi kwamba kifaa hakifai.

Tazama namba hiyo ya 4,500 inavyobadilika ikipimwa kwa kipimo kingine. Mwaka 2019 I-Min Lee wa Chuo Kikuu cha Harvard na wenzake walichapisha utafiti wa wanawake 16,741, wenye umri wa wastani wa miaka 72, waliovaa kifaa cha kupima mwendo kwa siku saba kisha wakafuatiliwa kwa zaidi ya miaka minne. Waliotembea kidogo kuliko wote walikuwa na hatua 2,700 hivi kwa siku. Wale wa hatua 4,400 hivi walikuwa na vifo vichache kwa asilimia 41 kuliko hao. Nafuu iliendelea kuongezeka hadi karibu na hatua 7,500, kisha ikatulia. Baina ya 2,700 na 4,400 pana hatua 1,700 tu, ambazo kwa mwendo wa hatua mia moja kwa dakika ni dakika 17: kushuka kwenye daladala vituo viwili kabla ya kwako, au kwenda dukani mwenyewe badala ya kumtuma mtoto. Ni kweli kwamba utafiti wa namna hii hauthibitishi kwamba hatua ndizo zilizookoa maisha, maana mwenye afya dhaifu hutembea kidogo kwa sababu hiyo hiyo, ingawa watafiti walijitahidi kuliondoa tatizo hilo katika hesabu zao. Hata hivyo, dakika 17 ndizo mtu asizoweza kuzikisia kwa kichwa. Karani aliyekwama saa nzima kwenye foleni ya magari hufika nyumbani amechoka, na uchovu humwambia kwamba ametembea; saa humwambia kwamba amekaa.

Wazee wetu hawakuhitaji kuambiwa hilo kwa sababu shamba lilikuwa mbali na gari halikuwapo. Sisi tuna gari na kiti cha ofisini. Mapitio mapana ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2022 katika jarida la Lancet Digital Health yalikuta kwamba wanaovaa vifaa hivi huongeza takriban hatua 1,800 kwa siku. Msomaji alinganishe mwenyewe na zile 1,700 za hapo juu.

Wanaopinga wana hoja nzito zaidi ya mzaha. Katika jaribio la miaka miwili la kupunguza uzito, lililofanyika Pittsburgh, Marekani, na kuchapishwa mwaka 2016, watu waliopewa kifaa walipungua kilo 3.5 kwa wastani, ilhali wenzao waliofuata mpango wa kawaida bila kifaa walipungua kilo 5.9. Mwaka uliofuata, watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walijaribu vifaa saba: sita vilipima mapigo ya moyo vizuri, lakini katika kukadiria kalori zilizotumika, hata kile kilichokuwa bora kilikosea kwa wastani wa asilimia 27. Anayeamini kalori za saa, akajiruhusu chapati ya tatu kwa sababu imemwambia amezichoma, anadanganywa kweli. Kasoro nyingine inawagusa watu wa huku: kifaa cha mkononi hutegemea kupunga kwa mkono, kwa hiyo msukuma mkokoteni, aliyeshika chuma siku nzima, huweza kuonekana mvivu kuliko bosi anayezunguka ofisini akiongea na simu. Lakini msukuma mkokoteni hahitaji saa. Na kupunguza unene ni kazi ambayo kifaa kilibebeshwa na matangazo. Kazi yake ni kuhesabu.

Linalobaki bila jibu la kuridhisha ni suala la faragha. Januari 2018 iligundulika kwamba ramani ya mazoezi iliyotolewa na programu ya Strava ilionyesha njia walizokimbilia wanajeshi ndani ya kambi ambazo hazikupaswa kujulikana. Kenya ina sheria ya kulinda taarifa binafsi tangu 2019 na Tanzania tangu 2022, na zote mbili huzipa taarifa za afya ulinzi wa pekee. Hata hivyo, mnunuzi hubonyeza neno la kukubali kabla hajasoma, na hatua zake husafiri hadi kwenye kompyuta za ng'ambo. Kwa hilo simtetei mwenye kiwanda. Anayenunua azime kwanza kipengele cha kuonyesha mahali alipo, kisha ashushe lengo la elfu kumi hadi elfu tano.