Kwa Nini Naandika Programu Kwenye Kompyuta ya Mtumba

Kijana akiniuliza anunue kompyuta gani ili ajifunze kuandika programu, jibu langu halibadiliki: nunua ya mezani, ya mtumba, inayofunguka kwa bisibisi. Wengi hawalifurahii. Wanataka laptopu nyembamba, ya kung'aa, na siwalaumu. Lakini ushauri huu nautoa kwa moyo wote, na sababu ya kwanza ni hali ya hewa ya hapa Mombasa.

Msimu wa kaskazi, hasa Februari na Machi, joto la mchana hupita nyuzi 30 na unyevu hauondoki hata usiku. Prosesa za kisasa, yaani chipu zinazofanya hesabu zote za kompyuta, zikikaribia nyuzi 100 hujipunguzia kasi zenyewe zisiungue. Laptopu nyembamba haina nafasi ya kutolea joto hilo, kwa hiyo ile kasi uliyoilipia dukani unaionja kidogo tu, halafu mashine inaanza kujikokota. Ya mezani ina feni pana na nafasi ya hewa kupita. Feni ikianza kulalamika, unafungua, unapuliza vumbi, unafuta pesti ya kupitishia joto iliyokauka juu ya prosesa na kupaka mpya. Kuna na chumvi ya bahari, ambayo huweka utando kwenye meno ya RAM, kile kipande cha kumbukumbu ya muda, mpaka kompyuta inawaka lakini skrini inabaki nyeusi. Mafundi wetu huichomoa ile RAM, wakaisugua meno taratibu kwa kifutio cha shule, wakairudisha, na mashine ikafufuka. Laptopu nyingi mpya RAM yake imechomelewa kwenye ubao mama, kwa hiyo dawa hiyo huna.

Stima ikikatika laptopu inashinda, hilo nakubali kabisa. Mwenye ya mezani anahitaji UPS, kile kisanduku cha betri cha kushikilia umeme, na ajue kwamba betri zake za asidi hazipendi joto: kila linapopanda takriban nyuzi 10 juu ya 25, maisha ya betri hupungua kama nusu. Iweke sakafuni penye upepo, si nyuma ya kabati.

Lakini joto na chumvi si kiini cha maneno yangu. Ninachokiamini zaidi ni kwamba anayeifungua kompyuta yake huandika programu bora.

Chukua habari ya kumbukumbu. Prosesa ikitaka data iliyo kwenye kashe yake ya karibu, ile kumbukumbu ndogo iliyo ndani yake, huipata kwa takriban nanosekunde 1, yaani sehemu moja ya bilioni ya sekunde. Ikiifuata kwenye RAM, kama 100. Kwenye SSD, ile diski ya chipu isiyozunguka, kama 100,000. Kwenye diski ya kuzunguka, ambayo lazima ingoje sahani igeuke na mkono usogee, kama milioni 10. Namba hizi hazimwingii mtu kichwani mpaka azikuze. Tufanye nanosekunde moja ni sekunde moja: kashe inakujibu papo hapo, RAM inakuchukua chini ya dakika mbili, SSD zaidi ya siku nzima, na diski ya kuzunguka karibu miezi minne, kama nahodha wa jahazi anayengoja kaskazi igeuke kuwa kusi. Mwanafunzi aliyetoa diski ya kuzunguka kwa mikono yake, akatia SSD, akaona mashine ile ile imekuwa nyingine, hahitaji mhadhara. Hatapakia faili nzima kwenye RAM bila kufikiri, kwa sababu anajua RAM ikijaa mfumo utaanza kuhamishia mzigo kwenye diski, na hapo ndipo kila kitu huganda.

Sasa fikiria zinakoishia programu zetu. Ni kwa muuza jumla wa Kongowea, duka la dawa la Likoni, ofisi ya shule ya Kisauni. Huko utakuta mashine za GB 4 za RAM na diski ya kuzunguka, na zinafanya kazi ya kila siku. Programu nayo imeandikwa na mtu mwenye GB 32, kwenye chumba chenye AC, akabebesha kivinjari kizima ndani ya programu ya kuonyesha orodha ya bidhaa. Kwake inaruka. Kwa mteja, foleni inafika mlangoni huku keshia akingoja risiti. Naliona jambo hili ni kukosa adabu kwa mteja, na nalisema hivyo kwenye kila timu ninayofanya nayo kazi.

Mtandao nao umetudekeza. Nyaya za chini ya bahari za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa mwaka 2009, EASSy ikafuata 2010, na tangu hapo tumesahau kwamba umbali haujafutwa. Ombi moja kutoka hapa kwenda seva ya Ulaya na kurudi huchukua kawaida zaidi ya milisekunde 100. Msimbo unaoiuliza hifadhidata iliyo huko bidhaa moja moja, mara 200, umeshamlia mteja sekunde 20. Swali moja lililoandikwa vizuri lingeleta bidhaa zote kwa pamoja. Hapo hakuna prosesa ya kununua, ni akili ya mwandishi tu.

Linus Torvalds alianza Linux, mfumo endeshi wa bure, mwaka 1991 kwenye kompyuta ya prosesa ya Intel 386 aliyokuwa nayo nyumbani, akitaka kuielewa mashine ile. Leo kazi hiyo ndiyo inayoziokoa kompyuta zetu za mtumba. Microsoft iliacha kuipa Windows 10 masasisho ya kawaida ya bure tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, prosesa za Core kuanzia kizazi cha 8, isipokuwa chache. Mashine nyingi nzima kabisa zimeachwa nje ya mlango huo. Mimi naziwekea Linux, na naona ni hasara kubwa kuzitupa.

Kwa hiyo ukinunua ya mtumba, pesa ya kwanza iende kwenye SSD, ya pili kwenye RAM ifike GB 8 au 16, na prosesa iwe ya mwisho. Na ukishapata RAM ya kutosha, usiiamini kwenye majaribio. Kwenye Linux, ongeza mem=4G kwenye vigezo vya kuwashia mfumo, nayo kompyuta itajiona haina zaidi ya GB 4. Fungua programu yako humo pamoja na kivinjari, maana mteja naye hufungua vyote viwili, kisha utafute risiti ya mwaka jana.