Hasi Nne, Hasi Tano

Kwenye bendi yoyote, muziki ukichacha, macho yote humgeukia mpiga besi. Gitaa likiteleza, watu wanadhani ni mbwembwe. Mpiga dramu akipitiliza, wanasema leo ana mzuka. Besi ikigusa nota moja ya pembeni, hata mtu asiyejua do wala re anakunja uso. Na sababu ipo. Mpiga kinanda akishika nota za C, E na G, nami mpiga besi niko chini kwenye C, hiyo ni C meja. Nikishuka mpaka A, yeye akiwa hajasogeza hata kidole, kodi yake, yaani zile nota zinazolia pamoja, imeshageuka A maina yenye saba. Mamlaka makubwa hayo, na lawama zake zinalingana nayo.

Siku hiyo tulikuwa tunapiga kwenye harusi na mpiga kinanda wetu alipata udhuru. Aliyeletwa badala yake tulimwita mwalimu tangu anashuka kwenye gari, kwa sababu ya koti na miwani tu. Wakati tunafunga nyaya nikamsogelea.

"Mwalimu, shikamoo. Wimbo wa kuwaingiza maharusi tunapiga ufunguo gani?"

"Marahaba. G, kijana wangu. G safi kabisa."

Nikafurahi. Ufunguo ni nota ambayo wimbo unaifanya nyumbani, na G kwa mpiga besi ni likizo. Skeli ya meja, yaani ngazi ya nota, inapanda toni, toni, nusu, toni, toni, toni, nusu, na nusu toni ndiyo hatua ndogo kabisa; ukianzia G unapata G, A, B, C, D, E, F shapu (nusu toni juu ya F), halafu G ya juu. Sasa tazama nyuzi za besi zikiwa tupu: E, A, D, G. Zote nne zimo! Mkono wa kushoto ukilegea kidogo, uzi ukalia wenyewe, bado uko nyumbani. Wimbo wenyewe ulikuwa unazunguka kodi ya kwanza, ya sita, ya nne na ya tano, yaani G, E maina, C na D, na kwenye ile E maina nilishapanga kuuachia uzi mnene kabisa ungurume mtupu. Nota ile ina hertzi 41 hivi. Watu huisikia tumboni kabla ya masikioni.

Nilichokuwa sikijui ni kwamba mwalimu ana ufunguo mmoja tu duniani: C. Vidole kwenye vibonyezo vyeupe tupu, vile vyeusi kwake ni pambo. Wimbo ukitakiwa kwingine, anabonyeza kile kitufe cha kuhamisha sauti, kinanda kinahama, vidole vyake vinabaki palepale. Sina ugomvi na kitufe hicho, kimeokoa wengi. Ugomvi wangu ni hesabu. Kutoka C kushuka mpaka G ni nusu toni tano: B, B flati (nusu toni chini ya B), A, A flati, G. Mwalimu yeye alianza kuhesabu na ile C aliyoisimamia. C moja, B mbili, B flati tatu, A nne, A flati tano. Akaridhika na tano yake, kumbe hatua ni nne tu; kioo kikaandika hasi nne, akavuta kiti.

Maharusi wakasimama mlangoni. Kinanda kikaanza peke yake, kitamu mno, na dada yetu mwimbaji akakidaka vizuri. Nikahesabu nne, nikaingia na G yangu kwa kifua chote.

Wee!

Nusu toni ni umbali mbaya kuliko yote. Angekosea kwa nusu toni saba, akaangukia D, tusingeumia hivyo, maana skeli ya G na ya D zinachangia nota sita kati ya saba. Ingesikika kama mtu na shemeji yake wanabishana kistaarabu. Lakini G na A flati zinachangia nota mbili tu, C na G yenyewe. Nyingine zote zinakwaruzana. Bibi harusi alisimama hatua moja ndani, akatazama juu kwenye spika. Bwana harusi akatazama viatu vyake. Mwimbaji akageuka akanikazia jicho. Mpiga gitaa, ambaye nilitegemea atanisaidia kutafuta ukweli, akajifanya uzi umelegea, akainama kuukaza mpaka leo sijui aliukaza mara ngapi.

Nikakanyaga tyuna, kile kifaa cha kupima nyuzi. E, taa ya kijani. A, kijani. D, kijani. Besi haina hatia. Mwalimu akaninong'oneza kwa sauti iliyofika meza ya pili: "Kijana, kaza nyuzi!"

Basi nikatumia sikio. Nikapanda freti moja, vile vyuma vya shingoni ambavyo kila kimoja ni nusu toni, kutoka ya tatu mpaka ya nne kwenye uzi wa E, na papo hapo kila kitu kikatulia. A flati! Uzuri wa besi ni kwamba umbo la skeli halibadiliki. Unahama nalo zima kama lilivyo, vidole vinafuata mpangilio uleule. Mimi nikawa nimeshaanza kutabasamu. Maharusi wakaanza kutembea tena.

Kumbe kuna zile nyuzi tupu. Kwenye A flati, kati ya nyuzi nne iliyobaki ndani ya skeli ni G peke yake. E, A na D zote zimegeuka wageni wasioalikwa. Ikafika kodi ya sita, ambayo sasa ilipaswa kuwa F maina, freti ya kwanza. Mkono ambao ulikuwa umeahidiwa E ukaachia E. Ikanguruma kama nilivyopanga, vikombe vikatikisika kama nilivyopanga, nusu toni chini ya mwimbaji.

Hapo mwalimu naye akashtuka. Akainamia kioo cha kinanda, akavua miwani, akairudisha. Sikuona alichofikiri, niliona alichofanya: akabonyeza kitufe mara moja, kwa kubahatisha tu. Hasi tano. Yeye sasa yuko G, pale pale aliponiambia tangu mwanzo, nami niko A flati nikimfuata kwa heshima zote. Nikamwona mwimbaji amefumba macho, katikati yetu, hana pa kushika. Nikashuka freti moja. Mwalimu akasikia bado kuna kitu, akabonyeza kurudi hasi nne. Nikapanda, akashuka. Tulipishana hivyo mpaka maharusi wakawa nusu ya ukumbi, wanatembea kwa mwendo wa watu wanaovuka mtaro.

Aliyetuokoa ni mpiga dramu, ambaye muda wote alikuwa anacheka meno yote nje, maana dramu haina G wala A flati. Dada akatunyamazisha sote kwa mkono, akabaki na dramu peke yake, ukumbi ukapiga makofi ya mahadhi, maharusi wakafika kwenye viti vyao wakicheza. Shangwe kubwa. Mama mmoja alipita mbele yetu akisema hiyo sehemu ya makofi ndiyo ilikuwa tamu, kile cha mwanzo kilikuwa jazi.

"Kitufe kiliteleza," mwalimu akaniambia huku anafuta miwani. "Na besi yako nayo ina unyevu. Wimbo unaofuata uko D."

Nikaitika. Kisha nikajisogeza taratibu nyuma ya bega lake nikamtazama anavyohesabu kwa kidole juu ya vibonyezo. C, moja. C shapu, mbili. Akabonyeza: chanya moja. Akavuta kiti.

Ningeweza kumwambia kwamba D ni chanya mbili. Mdomo ulishafunguka, hata. Halafu nikamwangalia dada, anapiga funda la maji, ametulia. Nikamwangalia mpiga gitaa, ameshaanza kuukodolea uzi wake. Nikarudi mahali pangu, nikaweka kidole freti ya nne ya uzi wa A, D flati, ambayo ndiyo ile C shapu yake, nikamnong'oneza mpiga gitaa freti gani, nikamzuia asiulize. Na uzi mtupu sikuugusa hata kwa bahati mbaya.

Tukapiga wimbo mzima nusu toni chini ya ulikoandikwa, wote kwa pamoja, laini kama mafuta. Ukumbi ukasimama kucheza. Ulipoisha, dada akageuka akitabasamu, akamwelekeza mwalimu kidole gumba, kisha akanigeukia mimi.

"Umeona sasa? Ukimfuata mwalimu unavyopiga vizuri!"