Nesi aliyemjibu mwanangu

Wiki iliyopita nilimpeleka mwanangu wa mwisho kuchomwa zile sindano za kabla ya kuanza shule, hapa Birmingham. Nesi alichuchumaa mpaka macho yao yakalingana, akamwonyesha sindano, akamwambia itauma kidogo kama kufinywa. Mtoto akauliza, "Ya nini?" Nesi akamjibu. Kisha akanigeukia mimi, akanitajia kila chanjo na ugonjwa wake, na usiku homa ikipanda nifanye nini. Haikuzidi dakika kumi. Nilitoka na furaha, lakini kufika kituo cha basi machozi yananilengalenga, maana nilimkumbuka dada yangu aliyeko Newala, kusini mwa Tanzania.

Dada ana watoto wanne. Kadi zao za kliniki anaziweka kwenye mfuko mmoja wa nailoni pamoja na stakabadhi za korosho, chini ya godoro. Hajakosa tarehe hata moja: wiki ya sita, ya kumi, ya kumi na nne, miezi tisa, mwaka na nusu. Mwaka 2022 walipopita nyumba kwa nyumba na matone ya polio, aliwatoa wadogo nje kabla hata hawajabisha hodi. Kwa hiyo asije mtu akaniambia akina mama wa kusini wanakataa chanjo. Lile kovu la bega la kulia ninalo mimi, analo yeye, wanalo wanawe.

Ya korona hakuchoma. Na alikwenda! Hapo ndipo roho inaponiuma. Ilikuwa 2021, baada ya Rais Samia kuchanjwa hadharani tarehe 28 Julai. Dada akajipanga kwenye foleni, zamu yake ikafika, akauliza kama ni kweli inaharibu kizazi. Akajibiwa, "Unachoma au huchomi? Watu wanasubiri." Akajifunga kanga yake vizuri, akarudi nyumbani.

Mimi Aprili 2022 niliitwa nimlete mkubwa wangu kwa chanjo hiyohiyo ya korona, wakati huo ana miaka sita. Uingereza ilikuwa imeamua kuwapa nafasi watoto wa miaka 5 hadi 11, bila kuwaharakisha. Nesi wa siku hiyo hakunificha kitu. Alisema watoto wengi wenye afya korona huwapitia kama mafua. Ila aina mpya zinazoambukiza kwa kasi, Delta halafu Omicron, zimeangukia watoto wengi mno, na wengi wakiugua, hata wale wachache wanaozidiwa huongezeka. Wapo ambao wiki kadhaa baada ya kupona mwili mzima huvimba kwa ndani, hadi moyo. Akasema Omicron humpata hata aliyechanjwa. Kazi ya chanjo ni asizidiwe. Dozi ya mtoto ni mikrogramu 10, ya mtu mzima 30. Akanitajia na madhara, hata lile la nadra la moyo kuvimba, linalowapata zaidi vijana wa kiume. Nikakubali. Ningekataa, angenipa karatasi yangu na kuniaga vizuri vilevile.

Usiku nikampigia dada kumsimulia. Aliniuliza maswali mpaka salio likakata, nikapiga tena. Alitaka kujua hizi aina mpya zinatoka wapi. Nikamwambia kirusi kikiingia mwilini kinajinakili mara nyingi sana, na katika kunakili kinakosea. Akanyamaza, halafu akasema, "Kumbe kama watoto wanaonakili ubaoni. Wa mbele anakosea herufi, wa nyuma anatazamia kwa wa mbele." Ndivyo hasa! Makosa mengi hayana maana, lakini moja linaweza kukipa kirusi mlango mpya. Dada yangu aliishia darasa la saba.

Sasa najua mtakachosema. Huyu kakaa Ulaya miaka michache, anatucheka. Huko manesi ni wengi, huku mmoja ana akina mama sitini na mizani moja imening'inia kwenye tawi la mwembe. Ni kweli, na mizani hiyo nimepimwa mimi. Simlaumu nesi aliyechoka. Lakini hao sitini wanakaa kwenye benchi tangu asubuhi! Somo la asubuhi lipo siku zote: uji wa lishe, chandarua, uzazi wa mpango. Ndani yake hapakosekani robo saa ya kusema hii sindano ni ya nini, inaweza kuleta nini, na lile mnalolisikia mtaani lina ukweli kiasi gani.

Na msiniambie watu wetu hawataelewa. Nendeni kwenye mkutano wa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, msimu wa korosho. Mkulima wa Newala ukimkata shilingi kumi kwenye kilo atasimama, atauliza ni makato gani, nani kayapitisha, na hakai mpaka ajibiwe. Mtu huyohuyo akifika zahanati tunamtaka anyooshe mkono anyamaze?

Wala sisemi huku wana akili kuliko sisi. Surua ilizuka mji huuhuu, Januari 2024 mamlaka ya afya ikaitangaza kuwa tukio la kitaifa, kwa sababu watoto wengi hawakuchanjwa, na basi linapita mlangoni kwao. Kuizuia surua kunahitaji watoto 95 kati ya 100 wawe wamechanjwa. Dada hakuamini. "Surua? Ulaya?" Mama yetu alitembea na mimi mgongoni kutoka shambani ili nisiipate. Nilijivunia mama yangu siku hiyo kuliko siku zote.

Alhamisi dada anampeleka wa mwisho kwa surua ya pili. Amesema safari hii, kabla hajamvua mtoto shati, atauliza. Nimemwambia akitoka tu anibipu, nimpigie.