Unix ya mfukoni kwenye kompyuta ya mwajiri

Ofisi yetu iko Kirumba, Mwanza, si mbali na soko la Mwaloni, na kazi yangu ni hesabu za mapokezi ya samaki. Kila jioni mizani hutoa faili la maandishi: namba ya mtumbwi, aina ya samaki, kilo, saa. Mwisho wa mwezi yanafika mafaili 31, na bosi anataka jumla ya sangara kwa kila mtumbwi kabla ya chakula cha mchana. Ukiyafungua kwa Excel bila uangalifu, mtumbwi 0047 unabaki 47, na namba iliyoandikwa 3-12 inageuka kuwa tarehe. Kwa aliyezoea Unix, mfumo wa kompyuta unaoendeshwa kwa amri za maandishi, hiyo ni kazi ya mstari mmoja: amri ya cat inaunganisha, awk inajumlisha, sort inapanga. Ila kompyuta ni ya Windows, imefungwa, na haki za msimamizi anazo kijana wa IT peke yake.

Je, mfanyakazi ajijengee mazingira yake ya Unix humo humo? Sisi wapenzi wa terminali, lile dirisha la kuandikia amri, hujibu "kwa nini isiwe" hata kabla swali halijaisha. Nadhani tunawahi mno, kwa sababu kufuli lenyewe si moja.

Kufuli la kwanza linazuia kuandika kwenye Program Files na folda za mfumo. Folda yako binafsi haliigusi. Git ya Windows, programu ya kutunza matoleo ya kodi, ina toleo la kubeba lisilohitaji kusakinishwa: unalifungua kwenye folda yako, na Bash, programu inayopokea amri za Unix, inaamka. Cygwin, mkusanyiko wa zana za Unix kwa Windows ulioanza mwaka 1995, husakinishwa bila haki za msimamizi ukiianzisha kwa --no-admin. BusyBox ya Windows ni faili moja tu lisilofika megabaiti 1, na ndani yake mna awk, grep, sed na vi. WSL, njia ya Microsoft ya kuendesha Linux ndani ya Windows, ni habari nyingine. Kuiwasha kunagusa vipengele vya mfumo wenyewe, kwa hiyo bila msimamizi husogei.

Kufuli la pili halihusu kuandika, linahusu kuendesha. Ofisi inayotumia AppLocker, kizuizi cha programu kilichomo ndani ya Windows, kwa kanuni zake za kawaida huruhusu programu zilizo kwenye Program Files na folda za mfumo tu, hivyo faili ulilolipakua kwenye folda yako linakaa hapo kama pambo. Kwangu mpaka uko hapo. Penye kufuli la kwanza pekee, kutumia folda yako ni kukaa kwenye chumba ulichopewa. Penye la pili, kutafuta mahali pa kulificha faili ili liendeshwe ni kuruka ukuta, hata kama nia yako ni kujumlisha kilo za samaki.

Watu wa IT wana hoja nzito kuliko tunavyopenda kukiri. Septemba 2014 lilitangazwa tundu la kiusalama la Bash lililoitwa Shellshock, ambalo lilikuwa limelala ndani ya programu hiyo tangu 1989. Mwenye seva ya Linux aliyefuatilia masasisho alipata kiraka. Lakini Bash niliyoichomoa kwenye zipu na kuiweka kwenye folda yangu nani anaijua? Haimo kwenye orodha ya IT, na Cygwin haijisasishi yenyewe. Lazima mtu akumbuke kuendesha kisakinishi tena. Mimi mwenyewe niliwahi kukaa na nakala ya miaka mitatu, na nilijiona fundi! Halafu kuna suala la kurithisha. Nikihamia Bukoba kesho, atakayekalia kiti changu atakuta ripoti inategemea skripti asiyoijua, ndani ya akaunti itakayofutwa.

Hata hivyo, "hapana" isiyo na maelezo nayo ina gharama yake. Nimeona kinachofuata: mtu anajitumia mafaili ya ofisi kwa WhatsApp, hata yale ya malipo, anayachakata kwa Termux, terminali ya Android, kwenye simu yake akiwa ndani ya daladala ya Igoma, kisha anarudisha jibu. Kazi imekwisha na kufuli halijaguswa. Lakini orodha ya wavuvi, namba zao za simu na malipo yao sasa viko kwenye simu inayoweza kusahaulika kwenye kiti. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inaidai taasisi ilinde taarifa za namna hiyo. Kati ya awk kwenye folda ya ofisi na awk kwenye simu ya mtu, sioni msimamizi mwenye akili akichagua ya pili. Ila akikataa ya kwanza bila kutoa njia, ndiyo aliyoichagua.

Jambo moja linasahaulika na pande zote mbili: Windows yenyewe imebadilika. Tangu toleo la 1803 la Windows 10, mwaka 2018, curl ya kupakua mafaili na tar ya kuyafungasha zinakuja nayo, na PowerShell, programu ya amri ya Windows yenyewe, ilikuwepo kabla ya hapo. Amri zake za Group-Object na Measure-Object zinajumlisha kilo kwa kila mtumbwi bila kusakinisha chochote. Sizipendi, amri zake ni ndefu kama foleni ya kivuko cha Kamanga siku ya sikukuu. Lakini kutopenda si sababu ya kuleta mfumo mzima.

Basi niliandika ombi la nusu ukurasa: programu gani, inatoka wapi, itakaa folda gani, nani ataisasisha, na data gani itagusa. Kijana wa IT alilisoma, akaniuliza, "Kaka, hiyo BusyBox ukiondoka nani anaiangalia?" Swali lake lilinikuta sina jibu. Tukakubaliana Git ya Windows aisakinishe yeye mwenyewe, kwenye mashine zote tatu za mapokezi, na skripti zikae kwenye folda ya pamoja zikiwa na maelezo ya Kiswahili. WSL alikataa. Dada wa zamu ya usiku sasa anaendesha ripoti ile bila kuniita, na juzi alinionyesha kosa kwenye mstari wangu wa sort: nilisahau -n, inayoifanya ipange kwa ukubwa wa namba badala ya herufi, mtumbwi wenye kilo 90 ukawa juu ya wenye 850.