Mbunge wa Kaya Zisizojulikana

Mimi bahati nasibu sijawahi kushinda hata kikombe cha plastiki. Kwenye mchezo wa mtaani zamu yangu huangukia mwisho, wakati mshika hela keshahama. Halafu leo asubuhi nimeinamia ndoo, nasubiri bomba likumbuke wajibu wake, anaingia mjumbe na binti mmoja mwenye kitambulisho shingoni na kishikwambi mkononi.

"Shikamoo baba. Kaya yako imechaguliwa kwa bahati nasibu."

Marahaba. Imechaguliwa kupewa nini?

Kuhojiwa.

Nikamwambia mwanangu, sisi tulishahesabiwa. Agosti 2022, usiku wa kuamkia tarehe 23, Tanzania nzima, tukafika 61,741,120 nami nikiwemo, na siku yenyewe tukapewa mapumziko. Sensa huja kila baada ya miaka 10, kwa hiyo mpaka 2032 niko likizo. Binti akatabasamu lile tabasamu la semina. Akasema sensa inahesabu kila mtu, lakini maisha hayasubiri miaka 10, ndiyo maana katikati hapa wanafanya utafiti kwa kaya chache. Wanachukua maeneo yaleyale yaliyotengwa kwa ajili ya sensa, wanachagua baadhi, wanaorodhesha kaya zote zilizomo, kisha wanaruka kaya kadhaa, wanasimama, wanaruka tena, wanasimama. Wakasimama kwangu.

"Ruka moja zaidi," nikamshauri. Jirani yangu mstaafu, viti anavyo, na akikupata kuongea mpaka magharibi. Haiwezekani. Kaya ikishachaguliwa haibadilishwi, maana wakichukua wenye nafasi na mdomo tu, takwimu zitakuwa za wenye nafasi na mdomo. Kisha akanimaliza kabisa: "Baba, majibu yako yatawakilisha kaya nyingi ambazo sisi hatutazifikia."

Basi nikaenda kuvaa shati. Mtu wa uzito huo hahojiwi na fulana ya ndani. Nikakaa kwenye kile kiti chenye miguu yote, nikajiona mheshimiwa kamili, tofauti ni posho na gari, na jimbo lenyewe sijui liko wapi.

Swali: mkuu wa kaya ni nani? Nikakohoa kidogo. Mama watoto akajibu kutoka jikoni, "Andika tu yeye." Andika TU! Mjumbe akaanza kukagua viatu vyake.

Umri. Mama yangu akasema ana 70, na huo 70 anao tangu sensa. Binti akasema ndivyo tulivyo, wengi tunapenda miaka inayoishia na sifuri au tano, wenzake ofisini wakichora chati wanaona 40 na 50 zimefurika huku 41 na 51 hazina mtu. Akamchimba: Uhuru ulikukuta wapi bibi? "Ulinikuta nachunga mbuzi." Mbuzi wakapigiwa hesabu, mama akapanda umri palepale, kanuna mpaka sasa hivi.

Kisha: nani anaishi hapa kwa kawaida, na nani alilala hapa jana?

Hapo ndipo shemeji alipotokea chumbani. Shemeji huyu alikuja kusalimia siku chache kabla ya sensa. Usiku ule akalala kwenye kochi, na sensa inakuhesabu pale ulipolala, kwa hiyo akahesabiwa kwangu. Tangu hapo nikigusia nauli ya kurudi, ananijibu kwamba yeye yumo kwenye kumbukumbu za taifa kama mtu wa nyumba hii, akiondoka atavuruga mipango ya serikali. Binti akamuuliza, umekaa zaidi ya miezi 6? "Zaidi sana!" Akavuta kiti. "Niandike mwanakaya wa kawaida."

Akaandikwa! Mbele yangu, mkuu wa kaya tu.

Siku 7 zilizopita mmekula nini, kiasi gani, kwa shilingi ngapi? Mimi nasema mchele kilo nne, mama watoto anasema sita, shemeji anasema yeye alale njaa au asilale ni siri yake. Sakafu, paa, choo, simu: yakapita haraka, sakafu aliiona mwenyewe.

Chanzo kikuu cha maji ya kunywa?

Bomba.

Liko ndani ya kiwanja?

Si hilo hapo, na ndoo yake.

Katika wiki mbili zilizopita, kuna siku maji yalikosekana kutwa nzima?

Heshima yote niliyokuwa nimeikalia ikaanguka. Nikasimama. Kuna sehemu ya kuandika kelele humo? "Ni ndiyo au hapana, baba." Basi kaya zote ninazoziwakilisha zimesema NDIYO! Sensa walikuja wakauliza maji. Wa anwani za makazi walikuja wakaacha namba ukutani, barua haijafika hata ya bahati mbaya. Leo umekuja wewe. Wenye kishikwambi nawaona, mwenye spana simuoni! Binti akasubiri nimalize, akasema kwa upole kwamba yeye anakusanya, wengine wanachambua, ripoti inatoka, wizara inapanga. Sikuwa na la kumjibu, yeye mwenyewe alikuwa ameomba maji ya kunywa tukakosa.

Shemeji ndiye aliyemsindikiza hadi getini, akimhoji na yeye: kazi hii inaombwaje, posho inalipwa lini, vishikwambi vya 2022 si walipewa walimu? Amerudi na uamuzi. Mwaka 2032 ataomba ukarani wa sensa, na kwa kuwa eti wanapenda mtu anayelijua eneo, hataki kuhamahama. Sasa hivi ananiomba hela ya bando aanze kufuatilia matangazo, na mama watoto anasema nimpe, kijana ana malengo.