Kiredio Kisicho na Kioo

Redio ya mjomba ilikuwa ya betri 4 kubwa, na betri zikichoka alikuwa anazianika juu ya bati pamoja na makopa. Ukipita uwani kwake mchana unakuta muhogo upande huu, betri upande ule, na kuku katikati hajui adonoe wapi. Jioni zinarudishwa ndani, zinapiga taarifa ya habari na nusu wimbo, kimya. Mjomba anasema, "Leo jua halikuwashibisha."

Mwezi wa 9 mwaka 2022 mbuzi akaikanyaga. Mjomba akanipigia simu kwa sauti ya msiba.

"Mjomba."

"Naam, mjomba. Shikamoo." Kwetu mjomba na mpwa huitana mjomba wote wawili, anayeamkiwa ndiye mkubwa.

"Marahaba. Redio imetutoka."

Nikamwambia asihuzunike, nitamletea kitu cha kisasa. Na sitaficha, nilikuwa na deni kwake. Si la pesa. Mwaka uliotangulia, mwezi wa 7, aliniita shambani kwake Tandahimba nikamsaidie kupuliza salfa, nami nikamjibu kwamba nimelazwa, malaria imenikamata vibaya.

Ambaye hajawahi kupuliza salfa asinihukumu haraka. Ni unga wa njano wa kuzuia ubwiri unga, ule ugonjwa unaoyafunika maua ya mkorosho kama majivu. Usipopuliza kwa wakati, msimu ukifika unavuna majani. Unaamka giza, umande ungali juu ya miti, unabebeshwa mashine mgongoni inanguruma kama pikipiki isiyo na bomba, unaelekeza juu. Upepo wa Tandahimba hauna adabu. Unga unaoupeleka kwenye mkorosho unakurudia machoni. Saa 3 asubuhi unalia kama mfiwa na hakuna aliyekufa.

Basi. Jumamosi moja nikaingia kwenye maduka ya karibu na soko kuu hapa Mtwara kutafuta kiredio. Muuzaji alikuwa kijana mchangamfu, akaanza na subufa. Nikamwambia mzee hana umeme. Akaleta redio yenye paneli ya sola, taa mbili na sehemu ya kuchajia simu, kubwa kama begi la shule. Nikasema mzee anazunguka shambani, hawezi kubeba ofisi. Akaleta spika ya bluetooth, ya duara, inamulika rangi saba. Alipoiwasha, mwanamke mmoja aliyemo ndani akatamka kitu kwa Kiingereza.

"Anasemaje huyu?" nikauliza.

"Anasema yuko tayari."

"Mjomba ana mke. Hii haiwezekani."

Hapo nikaanza kumfundisha kazi, kwa sababu wiki nzima nilikuwa nasoma habari za vitu hivi kwenye simu. Nikamweleza kuwa kinachomfaa mzee ni kitu chenye kazi moja. Sony walipotoa Walkman ya kwanza mwaka 1979, mwaka uleule majeshi yetu yalipoingia Kampala, ilikuwa inapiga kaseti tu, hata kurekodi haiwezi, na dunia ikaipenda. Ilipokuja iPod mwaka 2001 sifa yake ilikuwa nyimbo 1,000 mfukoni. Na mwaka 2005 hao hao Apple wakatoa iPod Shuffle, kijitu cha kutundika shingoni, hakina kioo kabisa, wala hujui wimbo gani unafuata, na watu wakanunua kwa furaha.

"Kwa hiyo kioo ni cha nini?" nikamalizia. "Mjomba hasomi wimbo. Anausikiliza."

Kijana alinitazama kwa heshima. "Kaka, hiyo iPod unayo?"

"Sina."

"Na mimi sina. Tuendelee."

Akanitolea kijisanduku cheusi, ukubwa wa kipande cha sabuni ya mche. Kina spika usoni, tundu la memori, swichi pembeni na vitufe 3. Cha katikati kinasimamisha. Cha kulia ukikibonyeza na kuachia, wimbo unaofuata. Ukikishikilia, sauti inapanda. Cha kushoto ni hivyo hivyo kwa kurudi nyuma na kupunguza. Kinakamata FM, kwa hiyo mzee angesikia bei za mnada wa korosho. Na la kunifurahisha zaidi, betri yake ni BL-5C, ileile ya Nokia za tochi, na mjomba anayo Nokia ya tochi. Betri ya redio ikiisha anaazima ya simu. Hakuna tena kuanika betri na makopa. Shilingi 18,000, tukashikana mkono kwenye 16,000.

Kama ningeishia hapo, leo nisingekuwa na la kuandika.

Kiredio kilihitaji memori. Mpya ya GB 8 kijana alitaka 10,000. Nikaona huu sasa ni wizi, wakati nyumbani nina memori ya GB 8 kwenye simu yangu ya zamani iliyopasuka. Nikaenda kuichomoa, nikampelekea kijana mwingine, wa kuingiza nyimbo, anakaa kwenye kibanda na kompyuta yenye kibodi iliyofutika herufi. Nikamwagiza anitilie muziki wa dansi, bendi za miaka ya 1970 na 1980, Msondo iwe nyingi na Sikinde kidogo, maana mjomba ni Msondo damu. Akaichomeka memori, akakunja uso.

"Bro, humu mna vitu vingi. Nifomati?"

"Usifute! Mna picha za harusi ya dada."

"Kuna na mafolda mengine ya…"

"Wewe tia nyimbo, acha upekuzi."

Akatia nyimbo 60, akaziacha nje ya mafolda. Tukajaribu 3 za mwanzo palepale. Safi kabisa.

Jumapili alfajiri nikapanda Hiace. Lami ikaishia Mnivata, tukaanza kuogelea kwenye mchanga, nikafika shambani saa 3 nikiwa na rangi ya gunia. Ulikuwa mwezi wa 10, korosho zinadondoka. Chini ya mkorosho mkubwa walikuwa wamekaa mjomba, mkazamjomba, majirani 4 na watoto wasiohesabika, wananyonyoa korosho kutoka kwenye mabibo. Harufu ya mabibo yaliyoanza kuchacha, nzi wanaimba, vidole vya kila mtu vinanata.

Nikamkabidhi mjomba kiredio mbele ya hadhara. Nikamfundisha vitufe. "Bonyeza achia, wimbo. Shikilia, sauti." Akarudia kama kiapo. Muziki ukaanza, gitaa likatiririka, mjomba akafumba macho, akasema, "Huyu ndiye mtoto wa dada yangu." Mkazamjomba akaniletea ming'oko na chai. Alikuwa ananitazama kwa huruma tangu nilipofika. "Afya imerudi sasa? Ile malaria ilitutisha." Nikasema alhamdulillahi.

Mjomba hakutaka kiredio kikae chini, mbuzi yule yule alikuwa anazunguka. Akakifunga kwenye tawi kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, mizunguko sita, mpira ukapita juu ya swichi na betri na kila kitu isipokuwa vitufe. Ukimwona mzee wa Kimakonde anafunga kitu kwa mpira wa tyubu, jua kitu hicho hakifunguki tena.

Kwa saa nne tulistarehe. Msondo ikapita, Sikinde ikapita kidogo. Kumbe kiredio changu kilikuwa kinapiga kwanza nyimbo zilizo nje, zikiisha kinaingia kwenye mafolda, kimoja baada ya kingine, kinachokuta ndani kinapiga. Wimbo wa 60 ukaisha. Kimya cha sekunde tatu. Halafu ikatoka sauti ya mtu.

"Haloo? Haloo! Unanisikia?"

"Tunakusikia!" akaitika mkazamjomba.

Kila mtu akashika simu yake. Mjomba akaiweka Nokia sikioni, "Haloo, nani mwenzangu?" Na kiredio, kutoka juu ya mti, kikamjibu:

"Mimi mjomba wako, Tandahimba. Unaendeleaje, mjomba?"

Mjomba akaishusha simu polepole. Akainua uso kwenye tawi. "Huyo ni mimi," akasema. Kisha akasimama. "Jamani, niko redioni!"

Hapo ndipo damu ilipoanza kunihama miguuni. Nilikumbuka. Ile simu iliyopasuka niliwahi kuiwekea programu ya kurekodi simu zote, baada ya mteja mmoja kuruka deni langu akasema hatukuongea. Programu ikaniuliza, unataka rekodi zihifadhiwe vipi? Nikachagua MP3, kama nyimbo. Ikauliza, wapi? Nikachagua memori. Mteja hakulipa, mimi nikasahau, programu haikusahau.

Mjomba alikuwa anawanyamazisha watoto. "Tulieni! Sikilizeni sauti ya babu yenu ilivyo nzito." Majirani wakasogea.

"Koh, koh," ikajibu sauti nyingine, dhaifu, ya mtu anayeaga dunia. "Mjomba… hii ni dripu ya 3… Kichwa, mjomba… Salfa sitaweza. Nisamehe. Koh."

"Masikini," mkazamjomba akanishika bega. "Mtoto alikuwa anakufa kweli."

Nikaona Mungu kaninusuru, folda limeishia hapo. Nikanyanyuka nijisogeze kwenye mti kama mtu anayejinyoosha. Kimya cha sekunde tatu.

"Kaka uko wapi?" Sauti yangu, lakini sasa nzima, nene, ya mtu aliyeshiba. "Njoo Shangani bwana, niko ufukweni hapa, pweza wa moto. Eeh, nimeshamalizana na mzee. Nimemkoholea pale mpaka mwenyewe nimejihurumia!"

Nikaruka. Tawi lilikuwa juu kuliko nilivyodhani. Mruko wa pili nikakishika kiredio, nikabonyeza cha katikati. Vidole vyangu vilikuwa na ute wa mabibo, vikateleza kwenye cha kulia. Nikakishikilia kwa nguvu zangu zote.

Ambaye amesoma vizuri anajua kitufe cha kulia ukikishikilia kinafanya nini.

"NIMEZE SALFA MIMI? MACHO YANGU HAYA?" kikanguruma kiredio mpaka jirani wa shamba la pili akasimama kuangalia. Kijisanduku cha 16,000, sikujua kina uwezo ule. Nikavuta mpira, haukuvutika. Nikauma kwa meno. Mjomba alikuwa ameketi tena, mikono magotini, ametulia kama hakimu. Nami nimening'inia kwenye mkorosho wake kama mnunuzi wa kangomba, korosho za magendo, aliyefumwa na mizani.

"Mwache aseme," mjomba akawaambia watu. "Amefika mbali, mwache aseme."

Nikaachia kitufe, nikakibonyeza upya, sasa kwa haraka. Bonyeza achia ni wimbo unaofuata. Ikaja rekodi inayofuata.

"Kaka, mzigo wa Tandahimba umefika. Wamemtumia mgonjwa kuku! Mtetea, madoadoa. Ebu njoo na ndimu."

Mpaka hapo mkazamjomba alikuwa upande wangu. Mkono wake ulikuwa bado hewani, pale bega langu lilipokuwa. Akaurudisha kifuani.

"Madoadoa?" akauliza taratibu.

Sikujibu. Kiredio kikajibu kwa niaba yangu: "Mtamu huyo! Alikuwa na mayai tumboni, yamejipanga kama shanga."

"Nilimtoa kwenye mayai," mkazamjomba akawaambia majirani, mmoja mmoja, kama anayetoa ushahidi. "Nilimtoa kwenye mayai nikampandisha gari."

Mwishowe betri ya BL-5C, ambayo niliisifu kuliko kitu chochote, ikaisha yenyewe. Wakati huo zilikuwa zimeshapita rekodi mbili zaidi, moja ya mwenye nyumba wangu na nyingine nisiyotaka kuieleza hata leo.

Ukimya uliofuata uliwanufaisha nzi peke yao. Nikasubiri mjomba anifukuze, ndiyo haki yake, kwetu mjomba akikukataa hata mama yako hana pa kukata rufaa. Yeye akaitoa betri kwenye simu yake ya tochi, akaomba kisu, akakata mpira wa tyubu, akabadilisha betri, akaniletea kiredio.

"Mjomba," akaniita.

"Naam, mjomba."

"Rudisha nyuma. Pale nilipoanza mimi."

Nikarudisha, mikono inatetemeka. Akajisikiliza, "Mimi mjomba wako, Tandahimba," akatikisa kichwa kwa kuridhika, akasimamisha kabla sijakohoa. Akarudia. Nilimwomba memori nikaisafishe, akasema ataitunza yeye. Mkazamjomba yeye hakusema neno mpaka napanda gari, akaniambia tu kwamba kuku ana vifaranga, na vifaranga wana hesabu. Nilipeleka mitetea 3 kabla ya Krismasi. Mmoja alimkataa, hana madoadoa.

Mwaka uliofuata, mwezi wa 7, simu ikaita saa 11 alfajiri. Mjomba. Nikapokea, nikaamkia, hakuitika. Nikasikia kitu kinabonyezwa na kuachiwa, mara moja, mara mbili, kisha karibu kabisa na simu:

"Koh, koh. Mjomba… hii ni dripu ya 3…"

"Mjomba," nikasema, "nije na barakoa ngapi?"

"Moja yako. Na ndimu usilete."